Kupima Ukweli wa Visa vya Wahudumu wa Ndege: Mada kwa Walimu wa Kiswahili, Kisii na Nyamira

Mwaka 1967 kilichapishwa Marekani kitabu Coffee, Tea or Me?, kikitangazwa kuwa kumbukumbu za wahudumu wawili wa ndege, Trudy Baker na Rachel Jones. Kilivuma na kununuliwa kwa wingi. Baadaye ikabainika kwamba aliyeshika kalamu ni mwanamume, Donald Bain, aliyekuwa ofisa uhusiano wa American Airlines, na majina yale mawili yalikuwa ya kubuni.

Hoja ya mada hii ni kwamba kisa cha mhudumu wa ndege kipimwe kwa yale yanayothibitishika nje ya kinywa chake, hata kiwe kitamu vipi.

Kazi ya angani huacha kumbukumbu nyingi. Kila safari ina nambari, tarehe, aina ya ndege na orodha ya wahudumu. Mwalimu wa Nyamira akisoma kwamba Boeing 787 ilitua Suneka, ana pa kuanzia: uwanja huo wa Kisii ni wa ndege ndogo.

Chukua kisa cha abiria aliyefungua mlango angani. Ndege ikiwa futi 35,000 juu, shinikizo la hewa ya ndani huukaza mlango kiasi kwamba hakuna nguvu za binadamu zinazoweza kuufungua. Hata hivyo, tarehe 26 Mei 2023 abiria aliufungua mlango wa Airbus A321 ya Asiana Airlines iliyokuwa ikikaribia kutua Daegu, Korea Kusini, ikiwa imebakiza mita 200 hivi kufika chini. Anayepima kisa cha namna hiyo aulize kwanza: ndege ilikuwa juu kiasi gani?

Kenya nayo ina mfano mchungu wa habari iliyosambazwa kabla ya kuthibitishwa. Tarehe 30 Juni 2019 mwili wa mwanamume ulianguka bustanini Clapham, London, kutoka kwenye ndege ya Kenya Airways iliyotoka Nairobi. Novemba mwaka huo Sky News ilitangaza jina lake na kusema alikuwa mfanyakazi wa usafi katika uwanja wa ndege wa Nairobi. Habari ilikuwa na kila kitu: jina, kazi, mpenzi, wazazi kijijini. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya ikasema haina mfanyakazi wa jina hilo, na Sky News ikaiondoa habari yake.

Haki itendeke pia kwa msimulizi. Kubadilisha jina la abiria ili kumsitiri si uongo, na kusahau rangi ya mkoba wake ni jambo la kawaida.

Walimu wa Kisii na Nyamira wanaombwa, kabla ya kumpa mwanafunzi kisa cha aina hii kama habari ya kweli, watafute tarehe, njia ya safari, aina ya ndege na shahidi wa pili. Vikikosekana vyote, kisa kifundishwe darasani kama hadithi, na mwanafunzi aelezwe hivyo waziwazi.