Hundi ya Mfano



Kuna mama mmoja wa hapa kwetu Kaloleni, mshona makuti. Mwaka juzi aliitwa uwanjani kupokea bursari ya bintiye. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Akashikishwa hundi ya mfano, pana kama mlango, yeye huku na mheshimiwa kule. Kijana wa kamera akasema, "Mama rudia, umeangalia chini." Akarudia. Mara ya tatu ndipo akatabasamu. Jioni picha ilikuwa Facebook, na wiki iliyofuata bintiye akaitwa shuleni "mtoto wa hundi". Bursari yenyewe ilikuwa shilingi 5,000.

Fedha zile zilikuwa za mama mwenyewe. Zilitoka kwenye hazina ya maeneo bunge iliyoanzishwa 2003, ambayo sheria yake ya 2015 iliitengea sehemu isiyopungua asilimia 2.5 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Mama yule huilipia kodi kila anaponunua salio la simu. Aliyetoa ni yeye, aliyeshukuriwa ni mwingine, na uso wake ndio uliotumika kumpamba huyo mwingine.

Sisemi kiongozi asijitangaze. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, mwaka 1913 alizunguka vijiji akicheza kifudu mpaka jina lake likaenea Giriama nzima. Lakini nyuma ya sifa ile palikuwa na kiapo, mukushekushe cha wanawake na fisi cha wanaume, pale Kaya Fungo, na kiapo humfunga anayekila. Wazungu walipomkamata wakampeleka Kisii, alitoroka akarudi kwa watu wake. Picha ya mtandaoni haimfungi mtu. Ahadi ikimchoma aliyeiweka, huifuta usiku, na asubuhi anatuuliza ni nani aliyesema.

Nanyi vijana wetu, mnajua hashtegi zinavyopandishwa. Ripoti ya Mozilla ya 2021 ilieleza kwamba Wakenya walilipwa dola 10 hadi 15 kwa siku kuzivumisha, kumsafisha huyu na kumchafua yule. Ninajua kazi hakuna. Hata hivyo nawasihi, msiuze sauti zenu kwa bei hiyo, maana barabara mbovu mnayoisifu ndiyo itakayowabeba mama zenu wakiwa wagonjwa.

Wataalamu nao wasijifiche nyuma ya wanasiasa. Mganga anayemwanika mgonjwa wake mtandaoni ili aonekane hodari, na mwalimu anayempiga picha mtoto asiye na viatu, wote wanachukua kisicho chao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa. Na idhini inayoombwa mbele ya umati, mkono mmoja ukiwa kwenye hundi, mimi siihesabu kuwa idhini.

Nina ombi moja, na Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kulitoa. Hesabu za bursari za mwaka huu zibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kila chifu, Mariakani, Kayafungo, Kaloleni na Mwanamwinga. Ziandikwe shule kwa shule na shilingi kwa shilingi, bila jina wala sura ya mtoto yeyote. Barua ya kuziomba ninayo hapa mezani. Njooni tutie sahihi kabla hatujaondoka.