WAJIBU WA WANAOTUNZA WALEVI WALIOFUNGIWA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa reli wa Kitale na Bungoma



Neno letu leo si la mshahara, lakini ni la mfanya kazi. Sote twajua jinsi chang'aa na busaa zinavyomaliza watu hapa kwetu. Mwenzetu mmoja wa kazi ya njia alichukuliwa usiku na jamaa zake, akafungiwa katika nyumba inayojiita ya matibabu. Alirudi na alama za fimbo mgongoni. Twauliza: je, sheria yawaruhusu watumishi wa nyumba ile kufanya hivyo?

Hairuhusu kabisa.

Kwanza, ni kweli mtu aweza kutibiwa asipotaka. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989, iliyorekebishwa 2022, humhesabu aliyeharibika akili kwa ulevi kuwa mgonjwa. Na kwa Sheria ya Vileo ya 2010, hakimu aweza kumpeleka kwenye matibabu mtu anayetiwa hatiani kwa ulevi mara kwa mara. Lakini hapana budi pawe na amri ya hakimu, au maombi ya jamaa pamoja na maandishi ya daktari. Hasira ya shemeji si cheti.

Pili, mlango ukisha kufungwa, wajibu wa mtumishi ndipo unapoanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 25, yasema haki ya kutoteswa haipunguzwi kwa sababu yo yote. Kifungu cha 51 chasema aliyefungiwa bado ana haki zake. Mtumishi anayempiga mgonjwa, au kumwacha makusudi bila matunzo, ametenda kosa. Asitumaini kujificha nyuma ya maneno "mkubwa aliniamuru."

Tena, mlevi wa miaka mingi akikatiwa pombe ghafula, aweza kutetemeka, kuanguka kifafa, kuona yasiyokuwapo, hata kufa, na hatari hiyo ni kubwa katika siku za mwanzo. Huyo ni wa kuitiwa daktari upesi, si wa kumwagiwa maji baridi.

Tatu, habari ya deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya malipo walivunjiwa haki zao. Basi deni hudaiwa kortini. Mwili wa mtu si rehani.

Nne, kazi yake. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mgonjwa aliyefanya kazi miezi miwili siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka, akileta cheti cha daktari. Lakini akilewa kazini hata asiweze kazi, aweza kufukuzwa mara moja. Hata hivyo lazima asikilizwe kwanza, akiwa na mwenzake au mjumbe wa chama. Kwa hiyo mleteni kwa mjumbe mapema, kabla barua haijaandikwa.

Wala tusiwachukie watumishi wa vituo hivyo. Nao ni wafanya kazi. Wengine hukesha peke yao na wagonjwa wengi, bila mafundisho. Nao wanahitaji chama, ili wapate nguvu ya kukataa amri mbaya.

Ndugu, mwenzenu akifungiwa, ulizeni mambo matatu: Amri i wapi? Daktari ni nani? Nani amemwona leo?