Mpango wa Afya Hauandikwi Siku ya Mkutano

Maneno tuliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Thika na Ruiru



Tunajua mmechoka na mikutano. Mtu anaitwa, anakalia kiti cha plastiki, anasikiliza hotuba tano, anatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, anapewa soda, anarudi nyumbani. Baadaye anasikia ati wananchi walihusishwa. Walihusishwa katika nini? Katika soda? Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo hilo hilo, lakini upande wa afya, maana huko mtu akikosa kusikilizwa hulipa kwa mwili wake.

Hebu tuanze na kisa ambacho sisi wenyewe hatujivunii. Kikundi kimoja cha akina mama kilichanga pesa zake za merigoraundi, kikafanya harambee ndogo, kikajenga chumba cha kujifungulia kando ya zahanati. Chumba kizuri, sakafu ya saruji, bati jipya. Tuliwasaidia kuweka hesabu vizuri na kutafuta fundi. Siku ya kufungua tukapika, tukaimba. Kisha chumba kikatiwa kufuli, na kufuli ikakaa zaidi ya miaka miwili. Tulipokwenda kuuliza, tukajibiwa kwa upole kwamba chumba hicho hakimo katika mpango wowote. Hakuna muuguzi aliyepangiwa kufanya kazi pale, hakuna kitanda, hakuna dawa, hata umeme haukupangwa. Usiku mmoja mama mmoja mwenye uchungu alipitishwa mbele ya mlango ule juu ya bodaboda, akajifungulia njiani. Mtoto alipona. Lakini akina mama wale walituuliza, "Nyinyi mlijua?" Hatukujua, na tulipaswa kujua. Kosa lilikuwa letu pia.

Basi tukaanza kusoma sheria, na tulichokikuta ni hiki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 104, inasema kwamba kaunti ni lazima ipange, na kwamba pesa za umma haziwezi kutengwa bila mpango uliopitishwa na bunge la kaunti. Maana yake kwa Kiswahili cha nyumbani ni kwamba kitu ambacho hakimo katika mpango hakina njia ya kuingia katika bajeti. Unaweza kulia mbele ya bajeti mpaka machozi yakauke. Karani atakuonea huruma, lakini hana mstari wa kuandika jina la zahanati yako.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka mambo yalivyokuwa zamani. Mwaka 1983 serikali ilileta utaratibu wa maendeleo kupitia wilaya, na mipango ikawa inakaa kwenye kamati iliyoongozwa na mkuu wa wilaya. Mwaka 1989 tukaanza kulipa ada hospitalini, ule mchango ulioitwa kugawana gharama. Mwaka 1992 zikaja bodi za afya za wilaya, lakini wajumbe wake waliteuliwa kutoka juu. Mwananchi alichanga, hakupanga. Tabia hiyo haijatutoka. Bado tunangoja mkubwa aje aseme amelete nini.

Katiba ya mwaka 2010 iligeuza jambo hilo, angalau kwa maandishi. Afya ya kiwango cha juu kinachowezekana imekuwa haki katika kifungu cha 43. Hospitali za kaunti, zahanati na magari ya wagonjwa yakawekwa chini ya kaunti, na kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Kushiriki kwa wananchi kukawa sharti la sheria. Si zawadi ya gavana, wala si hisani ya diwani.

Na sharti hili lilijaribiwa hapa hapa kwetu Kiambu, sio mbali. Kaunti ilipitisha sheria yake ya fedha ya mwaka 2013, ile ya ada na leseni, na wananchi kadhaa wakaenda mahakamani wakisema hawakuhusishwa ipasavyo. Mwaka 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta sheria ile. Alieleza kwamba tangazo la siku moja gazetini halitoshi katika nchi ambapo kwa watu wengi gazeti ni anasa, na kwamba wananchi watafutwe mahali walipo: makanisani, misikitini, kwenye baraza, kwenye redio za lugha za mama. Kaunti ilikata rufani, na mwaka 2017 rufani ikashindwa. Kesi ile ilikuwa ya ada, haikuwa ya dawa, lakini msingi ni ule ule. Siku mkiambiwa "tulitangaza gazetini", mnalo jibu.

Sasa tuangalie hali yetu ya Thika na Ruiru, maana si sawa ingawa tuko barabara moja.

Katika sensa ya 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Sensa ya 2019 ikahesabu 490,120. Watu wameongezeka maradufu ndani ya miaka kumi! Mashamba ya kahawa yamekatwa viwanja, Mwihoko na Gatongora zimejaa nyumba za kupanga, na wengi wanaondoka alfajiri kwenda Nairobi na kurudi usiku. Mji wa Thika mwaka huo wa 2019 ulikuwa na watu 251,407, kama nusu ya Ruiru. Lakini hospitali ya Level 5 iko Thika, na Ruiru wana ya Level 4. Hatusemi Thika inyang'anywe. Tunasema mtu akipanga huku kichwani mwake Ruiru bado ni kituo kidogo cha kahawa, atawapangia watu nusu. Na watu wa Ruiru hawaonekani mkutanoni kwa sababu mkutano huitwa Jumanne saa nne asubuhi, wao wako kazini. Ombi la kwanza la vikundi vya Ruiru lingeweza kuwa hilo tu: mkutano uitwe Jumamosi mchana.

Thika nao wana shida ya namna nyingine. Enzi ya wilaya, Gatanga na Kakuzi zilikuwa pamoja nasi katika wilaya ya Thika. Leo ziko kaunti ya Murang'a. Mpaka umehama, mgonjwa hakuhama. Bado anakuja Thika, na wa kutoka ng'ambo ya Machakos pia anakuja, na aliyegongwa na gari kwenye barabara kuu analetwa pale bila kuulizwa kaunti. Ndiyo sababu kwa miaka kadhaa hospitali kumi na moja za Level 5 nchini, Thika ikiwemo, zilipewa pesa maalumu na serikali kuu zisizoweza kutumiwa kwa kazi nyingine. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22 pesa hizo ziliunganishwa na mgao wa jumla wa kaunti. Ziko ndani ya chungu kimoja na barabara, masoko na mishahara. Hakuna tena kifuniko cha kuzilinda isipokuwa sauti ya anayepanga. Na watu wa Gatanga wanaotibiwa pale hawana diwani katika bunge la Kiambu. Wakiwa na vikundi vyao, tunaweza kuwaombea nafasi katika barua yetu. Tumelizungumza hilo kati yetu na bado hatujakubaliana sote. Wengine wanaona kila mtu adai kwa gavana wake. Sisi tunaona kitanda ni kimoja, na foleni ni moja.

Basi tuje kwenye tarehe, na makatibu tafadhali andikeni. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa ufike bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, karibu miezi kumi kabla pesa zenyewe hazijaanza kutumika. Hapo ndipo mambo huamuliwa, na hapo ndipo sisi hatupo. Mwisho wa Februari huja karatasi inayogawa kila idara ipewe kiasi gani. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yanapelekwa bungeni, na Juni 30 lazima yapitishwe. Mkutano mkubwa wenye viti na soda mara nyingi huwa karibu na mwisho huo. Ukiamka Mei umechelewa kama mtu anayepanda mahindi mvua ikikatika. Julai na mwanzo wa Agosti ndio wakati wa kupeleka barua.

Juu ya mipango ya mwaka kuna ule mkubwa wa miaka mitano. Wa tatu ni wa 2023 hadi 2027. Unaofuata utaanza 2028, na chumba kama kile cha akina mama wetu kitapata nafasi au kitakosa humo.

Mkiandika, msiandike "tunaomba hospitali". Karibu kila wadi huomba jengo, kwa sababu jengo huonekana na hupigwa picha. Kitu kinachokosekana mara nyingi hakina paa: muuguzi wa usiku, dawa zisiishe kabla ya mwisho wa mwezi, gari la wagonjwa linalofika Ngoliba. Wahudumu wa afya ya jamii mlio nao wanajua nyumba hata nyumba nani ana mimba, nani ana sukari, mzee gani hatoki kitandani. Keti nao. Hesabuni. Mkisema "mwezi uliopita wagonjwa wetu walirudishwa bila dawa siku tisa, na hizi ndizo tarehe", afisa hawezi kuwafukuza kama anavyofukuza malalamiko. Majina ya wagonjwa msiyaandike, hata kama ni ya jamaa zenu. Na yule anayemtunza mgonjwa nyumbani, ambaye hawezi kuja mkutanoni kwa sababu hiyo hiyo, aendewe kwake na aulizwe. Yeye ana habari kuliko sisi sote tulioketi hapa.

Barua iwe nakala mbili. Moja ibaki kwa msimamizi wa wadi, ya pili igongwe muhuri na tarehe mrudi nayo. Mzee mmoja alituuliza wiki jana, je, wakinyamaza? Wakinyamaza, ombeni kwa maandishi mwonyeshwe mpango wenyewe, mwone kama ombi lenu limo. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Asipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala, nayo haitozi ada.

Akina mama wa kile chumba wameshaandika. Barua yao ina ukurasa mmoja na muhuri, na wanaomba muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Nakala iko hapa mezani, na anayetaka kuona jinsi walivyoipanga aje aiangalie kabla hatujafunga milango. Vikundi vya Ruiru, tafadhali bakini kidogo tukubaliane ile Jumamosi.