Hadithi za Mapenzi ya Zamani: Kwa Nini Zinatuvuta?

(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Unguja, mjini na shamba)

 

Leo sizungumzi habari za mbolea wala za kuchemsha maji. Nataka tuzungumze juu ya hadithi za mapenzi ya zamani. Najua wapo watakaocheka. Watasema, "Mtu mzima na hadithi za mapenzi, wapi na wapi?" Ngojeni kidogo.

Marekani na Kanada kuna vitabu vya namna hii vinavyoandikwa na Wakristo. Ni hadithi za kubuni, na mambo yake ni ya miaka mia au zaidi iliyopita. Kitabu kimoja mashuhuri kilitoka mwaka 1979. Mwandishi wake ni bibi wa Kanada, Janette Oke. Kinaitwa Love Comes Softly, yaani mapenzi huja polepole.

Ndani yake yumo kijana mwanamke, Marty. Mumewe anafariki wakiwa safarini kutafuta ardhi mpya. Marty ni mjamzito, tena hana mtu. Anatokea mgane mmoja, Clark, mwenye mtoto mdogo wa kike. Anamwomba waoane, ili mtoto apate mlezi na Marty apate pa kukaa. Wanaoana bila ya mapenzi. Mapenzi yanakuja baadaye, kwa kazi, kwa subira na kwa sala.

Vitabu hivi vinapendwa kwa nini? Kwanza, havina maneno machafu. Mtu anaweza kuvisoma mbele ya mkwewe asione haya. Pili, watu wake wanafanya kazi kama sisi. Wanapika, wanalima, wanauguza wagonjwa. Tatu, wakipata shida wanamwomba Mungu. Nne, mwisho wake ni wa furaha. Mtu aliyechoka na dhiki za kutwa anataka kusikia kuwa subira huvuta heri. Na methali hiyo ni ya kwetu, hatukuiazima Kanada.

Sasa, jamani, sisi hapa Unguja tunacho kisa chetu cha namna hiyo. Nacho hakikubuniwa, ni cha kweli.

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Wakati ule wasichana wa jumba la mfalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme akajifunza mwenyewe kwa siri. Alizifuata herufi za msahafu, akaziiga juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mnasikia, wanakisomo? Hata binti wa mfalme alianza kama sisi, herufi moja moja.

Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alitaka kumpindua ndugu yao Majid. Salme alikuwa na miaka 15, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia barua. Mpango ule ukashindwa, na Barghash akapelekwa Bombay. Kwa hiyo kalamu si kitu cha mchezo.

Baadaye Salme alikaa Mji Mkongwe. Jirani yake alikuwa mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Wakapendana, na Salme akashika mimba. Mwezi wa Agosti 1866, usiku, alipanda manowari ya Kiingereza, akakimbilia Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku ile ile akaolewa na Heinrich. Kisha wakaenda Hamburg.

Kama ingekuwa hadithi ya kubuni, mwandishi angefunga kitabu hapo. Harusi imekwisha, watu watawanyike. Lakini maisha hayafungwi kama kitabu. Mwaka 1870 Heinrich aligongwa na tramu, gari la abiria lililokuwa likikokotwa na farasi, akafariki. Salme akabaki ugenini, mjane mwenye watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 alikuja Unguja kudai urithi. Barghash, yule yule aliyekuwa akimwandikia barua, sasa ndiye mfalme. Alikataa kuonana naye. Salme alikuja tena mwaka 1888, na hakupata alichokidai. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Basi hilo ndilo jambo la kwanza la kuangalia. Hadithi nyingi za mapenzi huishia mlangoni mwa harusi. Binti anayesoma asidhani kuwa maisha nayo yanaishia hapo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Salme aliandika kitabu cha maisha yake, kikatoka Berlin mwaka 1886. Anaeleza kasri, nguo, sikukuu na mapenzi ya mama yake. Ni kitabu kizuri. Lakini juu ya utumwa alitoa maneno ya kuutetea. Waliochuma karafuu na kubeba maji ya kasri hawakupata nafasi ya kuandika chao. Nendeni Mkunazini mkatazame. Kanisa Kuu limesimama pale palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Kwa hiyo kila tunaposoma habari za mabibi na mabwana wa zamani, tuulize: nani alikuwa jikoni? Naye angesema nini?

Wapo watu wanaoogopa. Wanasema, "Nikisoma kitabu cha watu wa dini nyingine nitapotea." Mimi nasema hivi. Mwandishi Mkristo ana mahubiri ndani ya hadithi yake, wala hafichi. Ukijua hivyo kabla ya kusoma, utachukua lililo jema, na lisilokuhusu utaliacha. Anayepotea upesi ni yule asiyejua kuwa anahubiriwa.

Wengine wanasema hadithi zinapoteza wakati. Lakini kisomo kisichotumiwa hufa. Mtu akipata cheti akaweka daftari juu ya dari, baada ya muda herufi zinamkimbia. Hadithi ya mapenzi inakuvuta ugeuze ukurasa mwingine, ili ujue yule mwanamke alifika au hakufika. Ukigeuza kurasa mia, umekuwa msomaji.

Vitabu vya kwetu vipo. Tafuteni Kasri ya Mwinyi Fuad, cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1978. Humo wale wa jikoni na wa shamba wanasikika. Tafuteni pia Vuta N'kuvute, chake yeye huyo, cha mwaka 1999. Ni habari za Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mtu mzima, akakimbia, akampenda Denge aliyekuwa akipigana na ukoloni.

Someni jioni, kwa sauti, watoto na wazee wasikilize. Mkimaliza ulizaneni mambo matatu. Lipi ni la kweli na lipi la kubuni? Nani amesahauliwa? Na baada ya harusi, ilikuwaje?

Mkiweza kujibu hayo, hakuna kitabu kitakachowadanganya.