Kamba ya Bei Nafuu na Duka la Jirani

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika za Masasi na Newala



Tumeombwa tuzungumzie manunuzi ya vifaa vya kupandia mapaa: kamba, mikanda ya usalama, helmeti na ngazi. Swali lililoletwa na sharika kadhaa ni hili: tununue palipo na bei ndogo, hata kama ni mbali, au tununue kwa wenye maduka wetu hapa nyumbani? Tutajibu kwa kuanza na kosa letu wenyewe.

Kwa nini tunapanda

Wageni wetu wameiona ardhi ya Newala. Huku juu uwandani udongo ni wa kichanga, maji ya mvua huzama chini kabisa, na hakuna mto. Ndiyo maana mama zetu walikuwa wakishuka mteremko mrefu hadi bondeni kuteka maji, kisha wakipanda tena na ndoo kichwani. Anayetaka kujua ukali wa mteremko huo asimame pale Shimo la Mungu, atazame chini.

Mradi wa maji ya bomba umesaidia sana, lakini mashine ikisimama, ndoo hurudi kichwani. Kwa sababu hiyo tunavuna maji ya mvua. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la kanisa lenye mita za mraba 200, likipata mvua ya milimita 10, limekusanya lita 2,000, tukiondoa kidogo kinachomwagika. Ila maji hayo hayaingii tangini bila gata, na gata haijifungi yenyewe. Lazima kijana apande, na kila mwaka kabla ya masika lazima apande tena kuondoa majani.

Kosa letu

Tulipoanza, kanuni za mradi zilitutaka tulete makadirio ya bei kutoka maduka matatu na kuchagua la chini. Mwenye duka mmoja wa Newala alisema mikanda hana, ila angeweza kuiagiza. Bei yake ilizidi ile ya Dar es Salaam kwa karibu theluthi, na alitaka nusu ya fedha kwanza. Tukamwacha. Tulinunua Dar es Salaam, mikanda ikaja kwa basi, na kwenye taarifa tuliandika kwa furaha kwamba tumeokoa fedha.

Ndugu zangu, mwezi wa pili tu mshono wa mkanda mmoja ulifumuka kijana akiwa juu ya paa. Alianguka akavunjika mkono. Tunamshukuru Mungu kwamba haukuwa mgongo. Lakini ilikuwa wakati wa kupulizia salfa mikorosho, na familia yake ililazimika kukodi vibarua. Tulipolipa matibabu na nauli, akiba yote tuliyojisifia iliisha na deni likabaki. Tulipompigia muuzaji, alijibu kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Wiki hiyo hiyo tuligundua ufa kwenye ngazi tuliyokuwa tumenunua kwa yule yule mwenye duka wa Newala. Alitubadilishia siku hiyo hiyo, bila maneno. Waswahili husema rahisi ni ghali. Sisi tulijifunza methali hiyo kwa mkono wa mtoto wa mtu.

Duka la jirani lina nini

Tusimsifu mwenye duka kupita kiasi. Wapo wanaopandisha bei wakisikia neno mradi. Wapo wasio na mashine ya risiti, nasi tukabaki bila cha kumwonyesha mkaguzi. Na kusema duka liko Masasi si kusema mkanda wake ni imara. Bidhaa hafifu inauzwa popote.

Lakini duka la jirani lina mambo ambayo hayaandikwi kwenye makadirio ya bei. Linakopesha mpaka msimu wa korosho. Linafunguliwa usiku bomba likipasuka. Mwenye duka ana mtoto katika shule ile ile anakosoma wa kwetu, kwa hiyo akituuzia kibovu tutakutana naye. Tena wengi wenu mnakumbuka miaka ya kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika ilipokuwa ikitukata na Dar es Salaam kwa wiki nyingi. Siku zile tuliishi kwa kile kilichokuwa rafuni mwa maduka haya.

Mafunzo ya wengine

Jirani zetu wa Nachingwea wana funzo la zamani. Mpango wa Karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza mwaka 1947, ulinunua matrekta mengi yaliyokwisha kutumika vitani. Yalipatikana upesi, lakini mengi yaliharibika mapema, na vipuri na mafundi havikutosha. Mpango ulivunjwa mwaka 1951. Kifaa kisicho na fundi wala kipuri karibu hugeuka chuma chakavu.

Funzo la pili liko Moshi. Wapagazi wengi wa Mlima Kilimanjaro hawana uwezo wa kununua makoti na buti za baridi. Maduka ya mjini hukodisha vifaa, vingi vikiwa vimetumika. Na tangu mwaka 2003 upo mradi wa kuwasaidia wapagazi unaowaazima mavazi ya mlimani bila malipo. Hapo tunajifunza kwamba si lazima kila mtu amiliki kila kitu. Ila tuangalie tofauti: koti lililovaliwa na mwingine bado linatia joto. Kamba iliyotumika ni jambo jingine. Jua huila nailoni polepole, na tindikali ya betri huiharibu bila jicho kuona. Asiyejua historia ya kamba asiikabidhi uhai wa mtu.

Mapendekezo yetu

Kwanza, vitu vinavyobeba uhai vinunuliwe vipya, vikiwa na tarehe ya kutengenezwa na alama ya ubora: EN 361 kwa mkanda wa mwili mzima, EN 1891 kwa kamba, EN 397 kwa helmeti. Bei ya chini ifikiriwe baada ya hapo, si kabla. Na kwa kuwa alama inaweza kughushiwa, tununue kwa muuzaji anayeweza kuonyesha hati za mtengenezaji.

Pili, hata vitu hivyo viagizwe kupitia duka la Masasi au Newala, kwa faida iliyokubaliwa na kuandikwa. Faida hiyo tuihesabu kuwa malipo ya kuwa na mtu wa kumrudia.

Tatu, ngazi, buti, glovu, gata, misumari na matangi vinunuliwe hapa hapa, kwa maduka yanayotoa risiti.

Nne, sharika jirani zichangie seti moja na kuazimana. Paa husafishwa siku chache kwa mwaka, hakuna haja ya kila usharika kuwa na kamba yake. Seti iwe na mtunzaji mmoja na daftari la matumizi. Iwekwe pakavu, mbali na jua na betri, na ikaguliwe kila mara kabla mtu hajapanda. Mkanda ulioshika mtu aliyeanguka usitumike tena.

Tano, na hili linatuuma: tulipe madeni. Zipo kamati zinazodai kusaidia maduka ya nyumbani huku zikidaiwa na maduka hayo tangu msimu uliopita.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Msitutumie kamba zilizotumika, hata kama zinaonekana nzuri. Turuhusuni tusichague bei ya chini tu, tukieleza kwa maandishi kwa nini. Theluthi ile tuliyoikataa Newala ingekuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko zote tulizotumia mwaka ule.

Yule kijana amepona na amerudi kwenye kikundi. Sasa ndiye mtunza daftari, na kabla hajamruhusu mtu kupanda huvuta kila mshono kwa mikono yake miwili. Tunaomba kila kamati imchague mtu wa namna hiyo kabla ya masika.