Mashine Moja au Mbili? Swali la Mpwa Wangu

Ndugu msikilizaji, leo sitazungumza juu ya bei ya mafuta wala juu ya foleni za magari. Nitazungumza juu ya mashine. Ukiniona nasimulia mambo ya nyumbani kwangu, univumilie, maana jambo hili naamini liko katika nyumba nyingi za mjini.

Jumapili moja alikuja kwangu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana chumba kimoja cha biashara Temeke. Humo mna kompyuta, pasi ya kuchapia fulana, na meza. Kazi yake kubwa ni lebo: za chupa za asali, za makopo ya siagi ya karanga, za sabuni za maji zinazotengenezwa na akina mama wa vikundi. Huzibuni mwenyewe, kisha huzipeleka kwenye flashi Kariakoo zikachapwe kwenye karatasi ya stika, akarudi nazo Temeke na kuzikata kwa mkasi na wembe. Kazi ikiwa nyingi, hukata hadi saa 8 za usiku. Vidole vyake nimeviona. Vina makovu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona mapema hivi?"

"Nimekuja unisaidie kuzungumza na bibi."

Bibi anayemtaja ni mama yangu mzazi. Alikuwa ameiona mashine dukani, inayochapa na kukata yenyewe. Stika inaingia nyeupe, inatoka na rangi zake, na kila lebo imekatwa mzunguko wake bila kuitoboa karatasi ya nyuma. Alitaka kukopa. Mkopeshaji alitaka dhamana, na dhamana pekee katika ukoo wetu ni hati ya nyumba ya mama yangu kule Mbagala.

Sasa ndugu msikilizaji, ungekuwa wewe ungemjibu nini?

Nikiri kwanza kwamba mimi si mtu wa kutoa mawaidha bila aibu. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na wenzangu wawili tulichanga fedha tukanunua printa kubwa iliyokwisha tumika, iliyoletwa kutoka Dubai. Tuliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi na ilitupendeza machoni. Miezi mitatu ilifanya kazi. Kisha ikaja masika, wateja wakapungua, nasi tukaizima ili tusimalize umeme na wino. Tulipoiwasha tena, ilichora mistari mitupu. Wino ulikuwa umekauka ndani ya kichwa cha kuchapia, ambacho mafundi hukiita hedi. Bei ya hedi mpya ilikaribia nusu ya bei tuliyonunulia mashine nzima. Hatukumlaumu mtu. Hatukuwa tumeuliza.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu mambo mawili. La kwanza, aandike kwenye daftari kazi zake zote za wiki mbili. La pili, tutakwenda pamoja dukani, na atabeba kazi yake mwenyewe kwenye flashi.

Tulipofika, muuzaji, kijana mwenye adabu, alitufungulia mashine ikachapa picha ya kasuku. Picha nzuri mno! Lakini mpwa wangu hauzi kasuku. Tukamwomba achape lebo za asali, kisha aziwekee lamineshi, ndipo azikate, kama zinavyotakiwa na wateja, maana chupa ya asali hushikwa na mikono yenye utomvu na hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Hapo ndipo tulipojifunza. Mashine ichapayo na kukata kwa pamoja ina raha yake: nafasi yake ni moja, programu yake ni moja, na karatasi haihamishwi. Lakini kazi ikihitaji lamineshi, lazima karatasi itolewe, ifunikwe, kisha irudishwe ikakatwe. Ikirudi, mashine hutafuta kwa jicho lake alama ndogo zilizochapwa pembeni ili ijue lebo ziko wapi. Lebo zetu zilirudi zimekatwa upande, kwa kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti. Muuzaji alisema jicho lilichanganywa na mng'ao wa lamineshi. Huenda ni kweli. Lakini mwenye asali hatalipia njiti ya kiberiti.

Tena kuna jambo la muda. Wino wa ekosolventi, unaotumiwa na nyingi ya mashine hizi, ukiugusa baada ya kuchapwa utadhani umekauka, kumbe mvuke wake bado unatoka. Ukifunika haraka, mvuke hukwama chini, gundi hulegea na kingo za stika hujikunja. Mafundi hushauri iachwe siku nzima. Basi ile ndoto ya kuingiza kazi asubuhi na kuitoa adhuhuri, kwa lebo zenye lamineshi, haipo.

Na mashine ikiwa moja, inapokata haichapi. Ikiharibika kisu, umesimama. Ikiharibika hedi, umesimama vilevile, nalo rejesho la mkopo halisimami.

Nikamwuliza muuzaji maswali ambayo sisi watatu hatukuyauliza zamani. Hedi inauzwa kiasi gani, nayo iko hapa nchini au inaagizwa? Fundi yuko mjini? Wino unapatikana kwa wauzaji wangapi? Mashine ikikaa bila kazi, inajisafisha yenyewe, na kwa kujisafisha inakula wino kiasi gani? Umeme ukikatika katikati ya kazi, kazi ile inaendelea au inatupwa? Dhamana ya mwaka mmoja inahusu na hedi, au hedi imetengwa kwa maandishi madogo? Baadhi alijibu vizuri. Swali la hedi alikwenda kulipigia simu, na tulipoondoka alikuwa bado anapiga.

Tukarudi Temeke, tukafungua daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Rejesho alilotajiwa lilikuwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa siku 25 za kazi, ni shilingi 24,000 kila siku, kabla hajala. Tukakadiria kwamba kwa mashine yake mwenyewe, kila karatasi ya A3 ingemwachia shilingi 1,500 baada ya kutoa stika, wino na umeme. Maana yake anahitaji karatasi 16 kila siku kwa ajili ya mkopeshaji tu. Daftari lilionyesha wastani wa karatasi 7.

Alinyamaza. Kisha akaniambia neno ambalo bado linanisumbua: "Mjomba, wewe mashine ilipokufa ulikuwa na mshahara. Mimi nikingoja karatasi 16, nitazikata kwa wembe mpaka lini? Kazi nyingine nazikataa kwa sababu ya mikono yangu."

Nilikosa jibu. Maana ni kweli, ndugu msikilizaji. Sisi wenye mshahara ni wepisi wa kuwashauri vijana wasubiri. Daftari lilionyesha kazi alizozipata, halikuonyesha alizozikataa. Nikamwambia aziandike na hizo.

Naye, katika kuziandika, ndiye aliyeona njia. Kazi alizokataa hazikukwama kwenye kuchapa. Kariakoo wanachapa vizuri, na hedi ikiziba ni shida yao. Zilikwama kwenye kukata. Basi kwa nini akope fedha za kununua sehemu asiyoikosa? Mashine ya kukatia peke yake, ndogo, ya mezani, yenye jicho la kusoma alama, bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile kubwa. Haina wino, haina hedi. Visu vyake ni vya bei nafuu na hubadilishwa kwa mkono.

Aliinunua kwa akiba yake na kwa mchango mdogo wa mjomba. Wiki ya kwanza ilimtesa. Wachapaji walikuwa wakipunguza ukubwa wa kazi kidogo ili ienee kwenye karatasi, alama zikawa hazilingani na kompyuta. Siku hizi huwaambia: chapeni kwa asilimia 100, msipunguze. Kisu nacho hukijaribu kwanza kwenye kona: stika ikibanduka na karatasi ya nyuma ikabaki nzima, ndipo anaanza kazi. Lamineshi ameacha ya kung'aa, anatumia isiyong'aa.

Kwa daftari la mwezi uliopita, wastani umefika karatasi 12 kwa siku. Bado si 16. Lakini anazihesabu, na saa 8 za usiku analala.

Sisemi mashine ya kuchapa na kukata ni mbaya. Mwenye kazi za stika za magari na madirisha, zisizohitaji lamineshi, na wateja wa kila siku wa kuifanya isilale, itamfaa sana. Sisemi pia kwamba kukopa ni dhambi. Nasema wengi wetu huinunua mashine ya msimu, ya kampeni za uchaguzi ambazo huja kila baada ya miaka 5, kisha tukabaki nayo miezi ya masika. Kabla hujanunua, jiulize kazi yako inakwama wapi hasa. Ukishapajua, uliza bei ya kile kitakachoharibika kwanza.

Mpwa wangu bado anaitaka ile kubwa, na siku moja pengine ataipata. Akija tena kuniomba nizungumze na bibi, nitalitaka daftari kwanza. Hati ya Mbagala, kwa sasa, iko chini ya godoro la mama yangu, pale ilipokuwa siku zote.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.