Kazi Isihesabiwe kwa Majina
Hotuba juu ya tiba ya usemi mashuleni, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Katika mkutano wa mwaka uliopita wanachama kadha walisimama wakalalamika juu ya kazi ya tiba ya usemi ambayo Chama hiki huisaidia katika shule za upande wetu wa mashariki ya Nairobi. Mzee mmoja alisema, "Mwanangu aliandikwa orodhani, akatazamwa majuma sita, kisha akaachwa. Nauli ya mtaalamu twalipa sisi. Mbona mtoto hatazamwi kila juma mwaka mzima?" Swali hilo ni la haki, nalo siku ile halikujibiwa. Leo tumekuja kulijibu, kukiri kosa letu, na kuwaomba idhini ya kubadili utaratibu wa kazi.

Kwanza yafaa tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi hudhani ni kufundisha watoto kusema kwa ufasaha. Kuna mtoto asemaye "tukari" badala ya "sukari", na huyo ni wetu. Lakini wa kwetu pia ni mwenye kigugumizi, na mwenye usonji asiyetamka neno lolote, na aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka, na yule ambaye maneno humfikia kwa taabu kwa sababu hasikii vema. Tena yupo mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli ya kinywa na koo haimtii, hata kumeza uji ni hatari kwake. Wote hao huandikwa katika daftari moja, mstari mmoja kwa kila jina, kana kwamba mizigo yao ni sawa. Hapo ndipo taabu yetu ilipoanzia.

Tufanye hesabu pamoja. Juma la shule lina siku 5. Toa gwaride la asubuhi, toa mapumziko, toa chakula, toa na muda wa kukaa ndani ya matatu katika msongamano wa Barabara ya Jogoo. Tuseme yabaki masaa 4 kwa siku, yaani masaa 20 kwa juma, ambayo ni dakika 1,200. Orodha ikiwa na watoto 60, kila mmoja atapata dakika 20. Katika dakika hizo mtoto aitwe darasani, aketi, atuzoee, kisha arudishwe, nasi tuandike alichofanya. Zabaki dakika 10. Na juma limekwisha bila sisi kuonana na mwalimu hata mmoja, wala mzazi, wala kuandaa picha za kesho, wala kumpima mtoto mgeni. Aliyeahidi kumwona kila mtoto kila juma ameahidi salamu, hakuahidi tiba.

Sisi tuliahidi hivyo. Mwaka wa kwanza tulipokea kila jina lililoletwa, na tukaona fahari orodha ilipokuwa ndefu. Tuliwatazama watoto kwa kufuata tarehe ya kuandikwa, aliyetangulia akitangulia. Mwisho wa mwaka tulipolinganisha madaftari, wengi walikuwa pale pale walipokuwa Januari. Lakini hilo silo lililotuuma zaidi.

Katika shule moja alikuwapo binti mdogo mwenye mtindio wa ubongo. Jina lake liliandikwa karibu na mwisho wa orodha, kwa kuwa mama yake alisikia habari zetu kwa kuchelewa. Tulipomfikia, muhula ulikuwa umekaribia kwisha, naye alikuwa amekwisha kulazwa hospitali mara mbili kwa nimonia. Alikuwa akilishwa huku amelala chali, na chakula kikipotea njia kuelekea mapafuni. Tulichomfanyia hakikuhitaji chombo cha gharama: aketishwe wima, kichwa kikiegemezwa, kijiko kiwe kidogo, na alishaye angoje mtoto ameze kabla ya kijiko cha pili. Mama na msaidizi wa darasa walijifunza kwa siku mbili. Mtoto yu hai, na mama yake ametupa ruhusa tuyaseme haya. Lakini wakati alipokuwa akipaliwa, sisi tulikuwa shule ya pili tukimrekebisha mtoto mwenye afya njema herufi moja tu, kwa sababu jina lake lilitangulia. Kosa hilo ni letu, wala hatumsingizii mtu.

Basi tulijifunza kwamba kazi haihesabiwi kwa majina. Wenzetu wa Marekani walikutana na jambo hili kabla yetu. Sheria yao ya mwaka 1975 iliwapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma katika shule za serikali, kila mmoja akiwa na mpango wake ulioandikwa; na watoto walipoongezeka, orodha za wataalamu zilijaa. Mwaka 2002 chama cha wataalamu wa usemi wa nchi ile, kiitwacho ASHA, kilitoa msimamo kwamba shule zisitazame idadi ya watoto peke yake, bali zipime kazi yote: kumtibu mtoto, kuandaa, kuandika, kuzungumza na mwalimu, kukutana na mzazi, na kusafiri. Katika shule za mji wa Portland, jimbo la Oregon, walitumia utaratibu wa majuma matatu ya kuonana na watoto na juma la nne la kazi zile nyingine. Hatusemi kila cha Marekani kitufae. Wao wana wataalamu wengi, na sisi tuna wachache, tena wengi wa hao wachache wamo katika miji mikubwa. Lakini ikiwa mwenye wengi ameona haja ya kupanga, mwenye wachache ataachaje?

Haya ndiyo tuliyoyafanya tangu hapo. Tulianza kwa kuisafisha orodha. Wapo watoto walioletwa kwa sababu husema "kura" wakitaka kusema "kula", na wengine kwa sababu husema "samba" badala ya "shamba". Wa kwanza nyumbani husema Kikuyu, na wa pili Kijaluo. Ndimi zao zafuata lugha za mama zao, wala hazina ugonjwa. Wazee mliomo humu mwajua kwamba hata miongoni mwetu wapo wasemao hivyo, nao wamejenga nyumba na kuongoza mikutano. Kwa hiyo sasa twamwuliza nyanya au mama: je, katika lugha ya nyumbani mtoto huyu husema kama wenziwe? Akijibu ndiyo, jina twalifuta kwa furaha, na mwalimu twamweleza. Hali kadhalika, hatuanzi tiba kabla masikio hayajapimwa, maana mtoto mwenye usaha masikioni huonekana mkaidi kumbe hasikii. Kwa kazi hiyo vipo vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu, vilivyoanza mwaka 1984, na Chuo cha KISE kule Kasarani, kilichoanzishwa mwaka 1986.

Majina yaliyobaki tuliyagawa mafungu matatu. La kwanza ni la watoto ambao usalama wao uko hatarini, yaani wapaliwao, na wale wasio na njia yoyote ya kusema wanaumwa au wana kiu. Hao hawangoji zamu. La pili ni la watoto ambao majuma sita ya kazi ya karibu yaweza kuwavusha. Hao twawatazama mara mbili kwa juma, watatu watatu wenye taabu moja, kisha twawapumzisha ili darasa na nyumba viendeleze, na wengine waingie. La tatu ni la watoto ambao dawa yao iko mikononi mwa mwalimu. Tulikuwa na kijana mwenye kigugumizi aliyekuwa akiadhibiwa kwa kuchelewa kujibu. Hatukumtoa darasani hata siku moja. Tulikaa na mwalimu wake nusu saa, tukamwomba asimhimize, asimmalizie maneno, wala asikubali wenziwe wamcheke, na zamu ya kusoma kwa sauti asome pamoja na mwenzake. Kigugumizi hakikuisha, lakini kijana alianza kunyosha mkono. Nusu saa ile ilizaa kuliko ziara nyingi.

Kwa kila mtoto twaandika lengo moja kwa muhula, nalo liwe lile ambalo mtu asiye mtaalamu aweza kuliona. Zamani tuliandika, "Mawasiliano yake yaendelee vizuri." Nani atajua yameendelea? Sasa twaandika, "Kabla ya kufunga shule, ataomba maji na kuomba kwenda msalani kwa kuonyesha picha, bila kukumbushwa." Kwa yule wa "tukari" twaandika ngazi zake: kwanza asikie tofauti ya sauti mbili, kisha sa, se, si, so, su, kisha neno, kisha sentensi, na mwisho mazungumzo ya kawaida anapocheza. Ngazi haipandwi kabla ya ile ya chini kushika. Daftari la mtoto huenda nyumbani jioni, na humo mna zoezi la dakika tano tu. Dakika tano za kila siku huushinda muda mrefu wa mara moja kwa juma, kwa kuwa ulimi hujifunza kama miguu ijifunzavyo ngoma, kwa kurudia.

Sasa twarudi kwa Mzee wetu. Mwanao hakuachwa. Alipewa majuma sita, akafika ngazi ya neno, naye alipumzishwa akiwa na daftari mkononi. Lakini hatukuja kukueleza, wewe wala mama yake, kwa sababu hatukuwa na siku ya kuwaona wazazi. Mliona mlango ukifungwa, hamkuona ufunguo mliopewa. Kwa hilo twakuomba radhi mbele ya mkutano huu.

Bwana Mwenyekiti, maombi yetu ni matatu. La kwanza, mkutano ukubali kwamba mtoto aliye hatarini atangulie, hata kama jina lake liliandikwa jana, na hata kama anayepishwa ni mtoto wa mwanakamati. La pili, kila juma la nne liwe la walimu, wazazi, vipimo na maandishi, na mwanachama atakayetukuta siku hiyo tukiwa mezani asitangaze kwamba twapumzika kwa fedha za Chama. La tatu, kila mzazi aje mara moja katika majuma sita aketi nasi na mwanawe. Na asiye na nauli, Chama kimsaidie, ingawa itabidi kupunguza siku zetu za safari. Twajua ombi hili la mwisho ni zito, kwani ni kuchukua kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Lakini mzazi aliyejifunza hubaki na mtoto siku zote, nasi ni wageni wa saa.

Mkikataa tutatii, maana kazi ni yenu. Ila twawaambia mapema: tukirudi katika orodha ndefu, taarifa ya mwakani itapendeza kwa tarakimu, na huenda mtoto mwingine akapaliwa wakati sisi tunafuata zamu.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa kila mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii. Haki hiyo haitimizwi na mtaalamu peke yake, wala na Serikali peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwalimu akingoja jibu bila hasira, mama akilisha mtoto akiwa wima, baba akishika daftari dakika tano baada ya chakula cha jioni, nasi tukipanga siku zetu kwa haki, mtoto atapata sauti yake, au njia nyingine ya kujieleza.

Twangoja uamuzi wenu.